Land Rover iliyofungwa kwa kanga

Hii ni sehemu ya saba ya historia yetu ya namna akina mama wa pwani ya Lindi walivyokuwa wakifika kujifungua. Sehemu ya sita niliishia kwenye machela: vijana wanne, miti miwili, shuka, na mjamzito anabebwa kutoka shambani mpaka barabarani. Leo tunapanda gari. Nimetoka zamu ya usiku, nikikosea herufi mnisamehe.

Mama yangu ana kipande kimoja tu cha ile doti ya kanga aliyovaa siku aliponizaa. Kipande cha pili kiliishia kwenye injini.

Ilikuwa Aprili 1989, masika yenyewe. Mama yuko Mchinga, uchungu umeanza tangu jana yake alfajiri na mtoto hashuki. Bibi mkunga, mtu mwenye busara zake, akasema hili limeshanizidi, mpelekeni Lindi. Ni kilomita thelathini na kitu, ambazo leo kwa lami unafika hujamaliza hata kuongea na simu. Siku zile ni udongo, na masika udongo unageuka uji. Gari lililokuwepo ni moja: Land Rover 109 ya mzee jirani yetu, aliyoinunua mnadani ikiwa imeshachoka kabisa. Sisi watoto wote tulimwita Babu, basi na hapa nimwite hivyo hivyo.

Njiani bomba la rejeta likapasuka. Mvuke ukatoka kama chungu kimefunuliwa. Babu hakuwa na bomba jingine, na hata Lindi mjini lisingepatikana. Akatoa chini ya kiti ukanda aliokuwa ameukata kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akauviringisha kwenye ule mpasuko huku anauvuta kwa nguvu zote, mzunguko juu ya mzunguko. Akahitaji kitambaa cha kukaza juu yake. Bibi akavua kanga aliyomfunika mama, Babu akaichana. Kisha wakajaza maji ya mtaroni, na hapa ndipo penye ufundi: mfuniko wa rejeta hakuufunga mpaka mwisho. Aliulegeza, mvuke upate pa kutokea, presha isipande ikapasua tena. Maji yakawa yanapungua, wanasimama, wanaongeza, wanaendelea. Walifika. Nilitolewa kwa upasuaji na mama yu hai mpaka leo, ananilalamikia kwa nini sipigi simu.

Sasa mtaniuliza, kwa nini bomba tu la mpira likose mkoa mzima? Hapo ndipo historia inapoanza.

Wenye umri wa mama zetu wanakumbuka maduka ya kaya na foleni za sabuni. Mafuta yalipanda bei duniani mwaka 1973, yakapanda tena 1979. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, tukaenda vitani, na magari mengi, hata ya watu binafsi, yakachukuliwa kubeba askari na mizigo. Vita ilipoisha 1979 nchi haikuwa na fedha za kigeni. Spea zinanunuliwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo gari zima lingeweza kulala mwaka kwa kukosa kitu cha ukubwa wa kidole. Na wakati huo huo serikali, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilikuwa imejenga zahanati nyingi sana vijijini, na mpango wa chanjo wa taifa ulianza 1975. Zahanati ipo, chanjo ipo kwenye boksi la barafu, gari liko juu ya mawe. Chanjo ikipata joto njiani, mama, unamchoma mtoto maji tu.

Mafundi wa kusini wakaanza kutengeneza wenyewe kwa walichonacho. Tangi la mafuta likitoboka walisugulia sabuni ya kipande mpaka inaziba, na sabuni yenyewe ni ya foleni! Rejeta ikivuja kidogo walipasulia yai ndani, ute ukapikwa na joto ukaziba tundu. Bushi zikiisha walichonga nyingine kwa mpira wa tairi kuukuu. Springi ikivunjika jani moja, walifunga kwa kamba za mpira na kabari ya mti. Betri ikifa kulikuwa na hendeli, kile chuma unakizungusha mbele ya gari mpaka injini inakohoa. Babu aliizungusha kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulishawahi kupigwa nayo.

Halafu gari lenyewe lilikubali kutendewa hivyo, na kuna sababu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mwingereza mmoja, Maurice Wilks, alikuwa na jeep kuukuu ya jeshi kwenye shamba lake kisiwani Anglesey. Ilikuwa imechakaa na hakuona gari jingine la kuchukua nafasi yake. Yeye na kaka yake Spencer walikuwa wakubwa wa kampuni ya Rover, wakaamua kutengeneza la kwao. Likaonyeshwa Amsterdam Aprili 1948. Yaani Land Rover yenyewe ilizaliwa na mtu aliyechoshwa na gari bovu. Chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, kwa hiyo bodi wakaifanya ya aluminiamu, karatasi bapa zilizopigwa ribiti, kitu ambacho fundi mwenye nyundo anaweza kukinyoosha chini ya mwembe. Kwetu pwani hiyo ilikuwa bahati na mtego. Aluminiamu haioti kutu kama chuma, lakini chesisi chini ni chuma, na upepo wa bahari una chumvi. Unaona gari limesimama zuri kwa juu, kumbe mifupa inaliwa. (Sisi manesi tunawajua wagonjwa wa namna hiyo.)

Mkoa wetu ulikuwa umeshaona mambo ya spea kabla ya hapo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na sehemu moja ilikuwa Nachingwea, huko bara ya Lindi. Walileta mitambo iliyobaki vitani, mpaka vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta. Walijenga reli na bandari ya Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na reli baadaye ikang'olewa. Sababu ni nyingi, ardhi ngumu na mvua zikiwemo, ila mojawapo ni hii: mitambo chakavu ilifika nyingi kuliko mafundi na spea za kuitunza, ikaharibika kwa wingi. Serikali ya himaya ilishindwa kwa mamilioni ya pauni. Huwa nawaza, na spana nne za Babu je? Lakini nisimpambe sana, kwa sababu lipo la pili.

Mwaka uliofuata kuzaliwa kwangu, kuna mama mwingine wa kijijini kwetu alipata uchungu. Sitamtaja. Gari lile lile, dereva yule yule. Wiki ile mafuta ya breki yalikuwa yamekwisha na hayapatikani, Babu akaweka oili ya injini. Ilifanya kazi siku mbili tatu. Tatizo ni kwamba mipira ya ndani ya breki za gari lile haipatani na oili ya aina hiyo, inavimba. Ikishavimba, breki inashika na haiachii. Wakiwa katikati ya safari magurudumu yakakaza, gari halisogei mbele wala nyuma, na ngoma za breki zinanuka moto. Ilimbidi alale kwenye tope, afungue vile vinipo vya nyuma ya kila gurudumu mafuta yamwagike, ndipo yakaachia. Kuanzia hapo hakuna breki kabisa. Alikwenda kwa gia ya kwanza, kila mteremko vijana wanashuka wanatembea pembeni wameshika mawe ya kuwekea tairi. Mama alifika akiwa hai. Mtoto hakufika.

Babu aliiweka gari juu ya mawe kwa hiari yake mpaka mtu alipomletea kopo la mafuta ya breki kutoka Dar es Salaam. Miezi kadhaa hiyo. Watu walimlaumu kwa lile, kisha wakamlaumu tena kwa kukataa kubeba wagonjwa. Nilipokuwa chuoni nikafundishwa kwamba mjamzito hupoteza maisha kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Darasa zima waliandika. Mimi kwenye ule wa pili nilisimamisha kalamu.

Nikija likizo nilimuuliza mwenyewe tofauti ya kanga na ile oili ni nini, maana vyote ni vya kubahatisha. Akanijibu kwamba bomba likifumuka tena utaliona mvuke, utasimama. Breki haikuambii. Kwa hiyo kuna vitu unafunga kwa kamba na kuna vitu huvigusi bila kifaa chake. Na mimi wodini nafanya hivyo hivyo: kukosa stendi nikatundika dripu kwenye msumari, sawa. Kumpa mgonjwa dawa isiyo yake kwa sababu yake imeisha, hapana.

Mambo yalibadilika polepole. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilishaanza kufunguliwa, baadaye Land Cruiser zikaingia, mwaka 2003 daraja la Mkapa likafunguliwa pale Rufiji, na lami ikatufikia kwa vipande. Lakini msijisahau. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara kuu eneo la Somanga, na magari mapya kabisa yakakaa foleni pamoja na yaliyochakaa.

Kwa wewe uliye na mimba sasa hivi: kuna namba 115, ni bure, ni ya mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022. Ni ya dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Damu ikitoka, degedege, kichwa kuuma sana huku macho yanaona giza, uchungu unaopitiliza, piga, usisubiri asubuhi. Na ukifika mwezi wa saba, mtume baba mtoto akaongee na mwenye gari wa karibu yenu. Amuulize breki, siyo muziki.

Land Rover ya Babu ipo bado Mchinga. Chesisi imekatika katikati, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Yeye alifariki miaka sita iliyopita. Sehemu ya nane nitaandika kuhusu mashua, waliokuwa wakivushwa usiku kwa tanga. Mwenye bibi aliyesafirishwa hivyo aniandikie, nitamsikiliza kwanza ndipo niandike.