SOMO LA REDIO: HERUFI YA MWISHO YA KITENZI

Hamjambo, ndugu wanafunzi wa Karagwe na Kyerwa. Mwenye daftari alifungue, mwenye kalamu aishike. Mwalimu aandike ubaoni maneno mawili: anaimba, aimbe.

Tazameni vizuri. Neno la kwanza linaeleza jambo linalotendeka. Neno la pili halisemi kwamba mtu anaimba; linasema kuna anayetaka aimbe. Sehemu ya -na- imeondoka, na herufi a ya mwisho imekuwa e. Wenye elimu ya sarufi huiita hali tegemezi, kwa sababu mara nyingi hutegemea neno jingine: nataka aimbe, yafaa aimbe, mwambie aimbe.

Je, herufi hii e imetoka wapi? Msidhani imeletwa na vitabu. Katika Kinyambo mnasema tugende, na katika Kiswahili twasema twende. Maneno yote mawili yanaishia na e. Wataalamu waliolinganisha lugha za Kibantu wameona kwamba e hii ni ya kale sana, ilikuwapo kabla lugha hizi hazijatengana. Kwa hiyo misafara ya biashara ilipokileta Kiswahili kutoka pwani mpaka Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika, wenyeji hawakuikuta e hiyo kama mgeni. Mwingereza Speke alipofika Karagwe mwezi wa Novemba 1861, ilimbidi angoje, kwa maana safari ya Buganda ilitaka idhini ya Kabaka Mutesa. Januari 1862 akaondoka. Ukitaka kuieleza habari hiyo, utasema: Mutesa alikubali Speke aje. Si "anakuja", bali "aje".

Sasa twende mbali kidogo, mpaka Hispania. Warumi waliingia nchi ile kwa majeshi yao mwaka 218 kabla ya Kristo, na lugha yao ya Kilatini ikakaa huko mpaka ikazaa Kihispania. Mwaka 1492 mwalimu Antonio de Nebrija alichapisha sarufi ya lugha hiyo, na hali tegemezi alikwisha ipa mahali pake. Leo Kihispania kinasemwa hata katika Afrika: Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru tarehe 12 Oktoba 1968, inakitumia pamoja na lugha za Kibantu kama Kifang na Kibubi.

Kuimba kwa Kihispania ni cantar. Anaimba ni canta. Aimbe ni cante. Mmeona? A imekuwa e, kama kwetu! Someni pamoja:

cante – niimbe
cantes – uimbe
cante – aimbe
cantemos – tuimbe
cantéis – mwimbe
canten – waimbe

Sisi tunamtaja mtendaji mwanzoni mwa neno. Wao humtaja mwishoni. Lakini msidanganyike kwamba lugha hizi ni ndugu. E ya Kihispania ilitoka katika Kilatini, e yetu katika Kibantu. Mito miwili yenye chemchemi mbalimbali imepita bonde moja.

Tena, Kihispania kina vitenzi vya namna nyingine, vinavyoishia na -er au -ir. Hivyo hugeuka kinyume. Kula ni comer: come ni anakula, coma ni ale. Kuishi ni vivir: vive ni anaishi, viva ni aishi. Neno viva huenda mmelisikia katika mikutano ya siasa. Wareno nao wanalo, na wapigania uhuru wa Msumbiji, ambao chama chao cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, walilitumia. Basi maana yake ni dua: aishi, idumu.

Na kwetu, je, vitenzi vyote huchukua e? La. Vile vilivyotoka Kiarabu havigeuki mwisho: asamehe, arudi, afikiri, aishi. Hapo mtazame kama -na- ipo au haipo.

Pengine mtu atauliza, "Mimi mkulima wa kahawa na migomba, herufi hii itanifaa nini?" Ndugu yangu, chukua karatasi ya urithi. Imeandikwa: "Kibanja kisiuzwe, watoto wagawane." Ukiiruka silabi moja tu, si, utasoma "kiuzwe", na watoto wamekosa pa kulima. Au chukua agizo la zahanati: "Mtoto asinywe dawa hii." Hapo tena silabi hiyo ndiyo inayomlinda mtoto. Vilevile, "kibanja kinauzwa" ni habari, na "kibanja kiuzwe" ni ruhusa. Kabla hujatia dole gumba au sahihi, soma neno mpaka herufi yake ya mwisho. Aliyejua kusoma hasomewi tu na mwingine; hujionea mwenyewe.

Zoezi la nyumbani:
1. Badilini ziwe maneno ya kutaka: anasoma, tunalima, wanarudi.
2. Yapeni maneno hayo matatu hali ya kukataza.
3. Andikeni kwa Kihispania: tuimbe.
4. Tafuteni katika mstari wa pili wa salamu za somo hili maneno mawili yenye hali tegemezi.

Kwaherini, na kila mtu aje na daftari lake.