Uwezekano ni Sehemu

Mtangazaji akisema upo uwezekano wa mvua alasiri, hajasema uongo hata kama jua litawaka hadi magharibi. Alichosema ni kwamba mvua yaweza kunyesha, basi. Neno lenyewe liliundwa kwa kazi hiyo: weza, wezekana, uwezekano, yaani hali ya jambo kuweza kuwa. Kwa maana hiyo uwezekano ama upo ama haupo.

Mwanatakwimu hulichukua neno hilohilo akaliuliza swali jingine: kiasi gani? Kwake uwezekano ni namba isiyopungua 0 wala kuzidi 1. Jambo lisiloweza kutokea kamwe hupewa 0, jambo la lazima hupewa 1, na mengine yote huangukia katikati. Kuna wanaoandika probabiliti ili maana hizi mbili zisigongane. Kiarabu, kilichotupa nasibu, husema ihtimali, neno la ukoo mmoja na hamali na stahimili zetu. Mimi nabaki na uwezekano. Neno linaeleweka sokoni na darasani, na dawa ya utata wake ni ndogo: lisiachwe peke yake. Uwezekano wa 1/4, uwezekano wa asilimia 30. Anayesema "upo uwezekano" akanyamaza hajafika kwenye takwimu bado.

Maana ya kwanza isipoachwa, huharibu hesabu tangu zoezi la mwanzo. Mwanafunzi huona mambo mawili, kutokea na kutotokea, akahitimisha kwamba ni nusu kwa nusu. Asicheke mtu. Mwaka 1754 Jean d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, aliandika katika ile ensaiklopidia aliyoihariri pamoja na Diderot kuhusu mchezo wa kurusha sarafu mara mbili, ambapo unashinda ukipata kichwa angalau mara moja. Hoja yake ilikuwa hivi: kichwa kikija mara ya kwanza mchezo umekwisha, kisipokuja, mara ya pili huja au hakiji. Matokeo matatu, mawili ya ushindi, kwa hiyo uwezekano ni 2/3. Jibu sahihi ni 3/4. Aliorodhesha vizuri mambo yanayowezekana, lakini akayahesabu kana kwamba yana uzito mmoja, ilhali lile la kwanza lina uzito wa nusu nzima na mengine mawili robo robo.

Kanuni ya shule, ile ya kugawanya idadi ya matokeo tunayoyataka kwa idadi ya matokeo yote, ina sharti ambalo husomwa haraka haraka: matokeo yawe na fursa sawa. Sharti hilo likivunjika, kiasi na asili ya sehemu vyote viwili vinakuwa takataka, hata kama kugawanya kumefanywa bila kosa.

Tuone kwenye jambo zito zaidi ya sarafu. Selimundu ni ugonjwa wa damu unaojulikana sana Afrika Mashariki, na hesabu yake ya msingi ni ya darasa la uwezekano. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya himoglobini inayohusika, moja ya baba na moja ya mama. Ya kawaida tuiite A, ya selimundu S. Mwenye AA hana selimundu. Mwenye AS ni mbebaji, kwa kawaida mwenye afya yake. Mwenye SS ni mgonjwa. Wazazi wawili wabebaji wakipata mtoto, kila mmoja humpa ama A ama S, kwa fursa sawa. Tukiandika jeni ya baba kwanza, matokeo ni manne: AA, AS, SA, SS. Mgonjwa ni mmoja kati ya hayo, 1/4. Mbebaji ni wawili, 2/4, kwa sababu S inaweza kutoka kwa baba au kwa mama. Daktari haoni tofauti kati ya AS na SA, na ndiyo maana watu husema kuna aina tatu tu za watoto wakataja theluthi. Hilo ni kosa la d'Alembert limevaa koti jeupe.

Sasa wazazi hao wanaambiwa "mmoja kati ya wanne", na hapa lugha ndiyo inayowaponza zaidi ya hesabu. Kauli hiyo husikika kama zamu. Aliyezaa watatu wazima huanza kumwogopa wa nne. Aliyeanza na mgonjwa hujipa moyo kwamba deni limelipwa, watatu wanaofuata wako salama. Jeni hazina daftari. Mtoto wa nne ana uwezekano wa 1/4 wa kuugua, sawasawa na wa kwanza, hata ndugu zake wawe na hali gani.

Vitabu vingi huyaita matukio ya namna hii matukio huru. Sipendi sana jina hilo. Uhuru ni sifa ya mmoja, na tukio moja peke yake haliwi huru. Ni lazima kuwe na la pili la kulilinganisha nalo. Matukio yasiyotegemeana ni jina refu zaidi, lakini kiambishi cha kutendana kinafanya kazi ya mwalimu: kinamlazimu msomaji kuuliza ni yapi na yapi hayategemeani. Pia linasaidia kuyatenga matukio haya na kundi ambalo wanafunzi huyachanganya nalo kila mwaka wa mitihani, matukio yasiyotokea pamoja. Mtoto mmoja hawezi kuwa AA na SS kwa wakati mmoja. Ukijua ni AA umeshajua si SS. Hayo yanategemeana kupita kiasi! Kwa yasiyotokea pamoja tunajumlisha, tukitaka uwezekano wa hili au lile. Kwa yasiyotegemeana tunazidisha, tukitaka hili na lile.

Kwa hiyo familia ya watoto wanne: uwezekano wa wote kuikwepa SS ni 3/4 mara 3/4 mara 3/4 mara 3/4, yaani 81/256, karibu asilimia 32. Mtu akiulizwa uwezekano wa angalau mmoja kuugua, asianze kuhesabu mmoja, wawili, watatu, wanne. Atoe hiyo 81/256 kwenye 1, abaki na 175/256, kama asilimia 68. Neno "angalau" katika swali la mtihani karibu kila mara ni wito wa kutoa kwenye 1. Na ile picha ya mgonjwa mmoja kamili kati ya wanne, ambayo watu wengi wanaiona ndiyo tafsiri ya 1/4? Anaweza kuwa wa kwanza, wa pili, wa tatu au wa nne, njia nne, kila moja ikiwa 1/4 mara 27/64. Jumla ni 27/64, asilimia 42 tu. Zaidi ya nusu ya familia za namna hii hazitafanana na kauli waliyoambiwa.

Limebaki neno sharti. Kijana mzima wa afya, mwana wa wazazi wazima, ana mdogo wake mwenye selimundu. Anataka kujua uwezekano wa yeye kuwa mbebaji. Wengi watajibu 2/4, kwa kuwa ndivyo tulivyohesabu. Lakini kijana huyu tunajua jambo moja juu yake: hana SS. Tokeo hilo linafutwa, asili ya sehemu inashuka kutoka 4 hadi 3, na jibu ni 2/3. Hakuna kilichobadilika mwilini mwake. Kilichobadilika ni orodha ya matokeo tunayoruhusiwa kuyahesabu. Huu ndio uwezekano wenye sharti. Wengine huandika "uwezekano wa masharti", jina ambalo masikioni mwangu halitengani na matangazo ya redio ya promosheni za simu, vigezo na masharti kuzingatiwa. Sharti moja linatosha, na liandikwe wazi: uwezekano wa kuwa mbebaji, ikiwa hana SS.

Maneno haya mawili, sharti na kutotegemeana, hukutana pale watu wanapokadiria hatari kabla ya ndoa. Tuseme katika mji fulani mtu mmoja kati ya watano ni mbebaji. Mwenye haraka atazidisha 1/5 kwa 1/5, atasema wachumba wawili wabebaji ni 1/25 ya wachumba wote, kisha atazidisha na 1/4 apate mtoto mmoja mgonjwa kati ya 100. Hesabu ni safi endapo wachumba wamekutana kama watu wasiohusiana. Wakiwa mabinamu, babu na bibi zao wa upande mmoja ni walewale, na jeni ya S inaweza kuwa imeshuka kwa wote wawili kutoka chanzo kimoja. Ukishajua mmoja ni mbebaji, uwezekano wa mwenzake hauwi tena 1/5, umepanda. Kinachozidishwa hapo ni 1/5 na uwezekano wa mwenzake kuwa mbebaji ikiwa binamu yake ni mbebaji, namba ambayo takwimu za mji mzima haziwezi kukupa.