Dhahabu ya Kilwa iko Lisbon

Waulize vijana wetu ni mji mkuu gani wa Ulaya ambao historia yake imeshikamana na yetu. Wengi watakujibu London. Wale ambao hawakuwa wakisinzia kwenye kipindi cha historia watasema Berlin. Lisbon haitajwi. Kwa wengi wetu Lisbon ni Benfica na Sporting, basi. Ukimbana sana mtu atakumbuka Eusébio, na hata huyo Eusébio alizaliwa Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo.

Sasa sikiliza hii. Ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, pale Lisbon, kuna chombo cha dhahabu ambacho Wakatoliki hukiita monstransi, kile cha kuwekea Ekaristi ili waumini waiabudu. Kina sanamu ndogo ndogo za mitume 12 waliopiga magoti, na kazi ya mikono iliyomo humo inatisha kwa ustadi. Kwenye kitako chake pamezungushwa maandishi yanayosema kwamba Mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kazi ilimalizika mwaka 1506.

Naam, Kilwa hii hii ya mkoa wa Lindi. Hakuna aliyeficha kitu. Wameandika wenyewe, tena kwenye chombo cha ibada.

Ndiyo maana nasema Lisbon haieleweki bila Afrika. Utajiri wake una mkono wetu ndani. Na, amini usiamini, hata uhuru wake una mkono wetu ndani. Twende taratibu.

Lisbon ni mji wa zamani sana, uliojengwa juu ya vilima mahali mto Tagus unapokaribia kuingia baharini. Warumi walipita hapo. Kuanzia karne ya 8 wakaja Waislamu kutoka Afrika Kaskazini, wakaushika kwa zaidi ya miaka 400. Mwaka 1147 Mfalme Afonso Henriques aliuteka kwa msaada wa wapiganaji wa Msalaba waliokuwa njiani kwenda Nchi Takatifu. Waislamu waliobaki wakatengewa mtaa wao nje ya ukuta, mtaa ambao mpaka leo unaitwa Mouraria. Mtaa mwingine mkongwe, Alfama wenye vichochoro kama vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, una jina lililotokana na Kiarabu, likihusu chemchemi za maji ya moto. Hata vile vigae vya rangi vinavyopamba kuta za mji mzima, azulejo, jina lake ni la Kiarabu. Kwa hiyo mji uliokuja kujitangaza kuwa ngome ya Ukristo ulikuwa umeshalelewa na Waislamu. Sisi watu wa pwani tunaufahamu mchanganyiko wa namna hii, hautushangazi.

Julai 8, 1497 Vasco da Gama alitoka Lisbon, sehemu ya Belém, na meli nne. Aprili 1498 alifika Mombasa, mambo yakawa magumu, akasogea Malindi ambako alipokewa vizuri na kupata nahodha wa kumvusha mpaka India. Shuleni tulifundishwa kwamba alivumbua njia ya kwenda India. Njia gani, wakati ilibidi apewe mtu wa kumwonyesha? Mabaharia wa pwani yetu, Waarabu na Wahindi walikuwa wakipanda na kushuka na pepo za msimu karne nyingi kabla yake. Kilichokuwa kigeni ni mizinga kwenye meli.

Mizinga hiyo ndiyo iliyoongea Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na kundi kubwa la meli, akamlazimisha Amir Ibrahim akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya dhahabu, mithkali 1,500. Dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, na wafanyabiashara wa Kilwa ndio walioishika biashara hiyo kwa miaka mingi. Ndiyo iliyoujenga mji ambao Ibn Battuta aliupita mwaka 1331 akausifu kwa uzuri. Da Gama akaipeleka Lisbon mwaka 1503. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida, akaipiga Kilwa na kuipora, kisha akaichoma moto Mombasa. Mwaka uliofuata, 1506, sonara akakamilisha monstransi.

Fedha za biashara hii zilimwagika Lisbon kama mvua ya masika. Monasteri ya Jerónimos, ile ambayo kila mtalii lazima apige picha, ilijengwa kwa sehemu kubwa kwa ushuru wa asilimia 5 uliotozwa kwenye biashara ya Afrika na Asia. Angalia nguzo zake: zimechongwa kamba za meli na mimea ya baharini. Ni kanisa lililojengwa na bandari.

Lakini mji huo huo uliokuwa ukipata raha ulikuwa na upande wa pili. Aprili 1506, mwaka ule ule wa monstransi, umati wa watu uliwageukia Wayahudi ambao miaka michache kabla walilazimishwa kubatizwa, ukawaua kwa siku tatu. Waliokufa walikuwa zaidi ya 1,000. Yalianzia kwenye kanisa la São Domingos. Leo kwenye kiwanja cha kanisa hilo kuna jiwe la kumbukumbu lililowekwa mwaka 2008, na pembeni yake, kama kwa maksudi ya historia, ndipo wahamiaji wa Kiafrika, hasa wa Guinea-Bissau, wanapokutana kupiga soga na kufanya biashara ndogo ndogo.

Na watumwa je? Hesabu iliyofanywa mwaka 1551 ilikuta watumwa karibu 10,000 katika mji wa watu kama 100,000. Mtu mmoja katika kila kumi! Walibeba maji, walifua, walijenga, walizaa na kufa humo humo. Kuna mtaa unaoitwa Rua do Poço dos Negros, yaani Mtaa wa Kisima cha Weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel, bwana yule yule wa monstransi, aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa kwa sababu zilikuwa zikiachwa hovyo. Leo watu wanapita hapo wakitafuta kahawa.

Halafu ikaja Novemba 1, 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote. Kama saa tatu na dakika arobaini asubuhi, makanisa yamefurika, mishumaa inawaka kila altare, ardhi ikatetemeka kwa dakika kadhaa. Makuta yakaangukia waumini. Walionusurika wakakimbilia kando ya mto kwenye uwazi, wakaona maji yanarudi nyuma mpaka sakafu ya mto inaonekana, na baadaye tsunami ikawafuata pale pale. Moto wa mishumaa na majiko ukateketeza kilichobaki kwa siku tano hivi. Makadirio mengi yanataja vifo kati ya 30,000 na 50,000. Jumba jipya la opera, lililofunguliwa mwaka huo huo, likawa kifusi. Nyaraka za Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya Afrika na Asia, zikateketea. Fikiria hilo: sehemu ya kumbukumbu za pwani yetu iliungua Lisbon.

Ulaya nzima ilitikisika kimawazo. Mbona Mungu ameuangusha mji uliojaa makanisa, tena siku ya ibada? Voltaire aliliingiza tetemeko hilo kwenye kitabu chake Candide mwaka 1759, na Kant, akiwa bado kijana, aliandika makala kutafuta sababu za matetemeko ndani ya ardhi badala ya mbinguni. Mfalme José I aliogopa kuta za mawe kiasi kwamba aliishi kwenye makazi ya mbao na mahema mpaka alipofariki mwaka 1777.

Kazi ya kujenga upya ikaangukia kwa waziri wake, anayejulikana kama Marquês de Pombal. Huyu alikuwa mkali kweli kweli, hakucheka na mtu. Alisambaza maswali kwa mapadri wa parokia zote: tetemeko lilichukua muda gani, nyumba ngapi zilianguka, bahari ilifanya nini? Wataalamu wanalihesabu zoezi hilo kuwa kati ya mianzo ya sayansi ya matetemeko. Katikati ya mji, sehemu iitwayo Baixa, akapima barabara zilizonyooka, na kila jengo likawekwa ndani yake mifupa ya mbao iliyopishana, Wareno wanaiita kizimba, ili likitikiswa liyumbe bila kuporomoka. Mengi ya majengo hayo bado yamesimama. Mwaka 1761 Pombal alipiga marufuku kuingiza watumwa wapya Ureno. Usimpigie makofi haraka: biashara ya kuwapeleka Brazil iliendelea.

Karne ya 19 niipite kwa kasi, ila fado sitairuka. Muziki huu wa huzuni ulikua kwenye mitaa ya walalahoi kama Mouraria na Alfama, kati ya mabaharia, makahaba na watu weusi, na watafiti wengi wanaona ndani yake mchango wa ngoma za Waafrika wa Brazil. Nyota wake wa kwanza anayekumbukwa, Maria Severa, alifariki mwaka 1846 akiwa na miaka 26. Mwaka 2011 UNESCO iliutambua kama urithi wa dunia. Mambo ni yale yale: kitu cha wanyonge kinadharauliwa, kisha kinakuwa fahari ya taifa.

Mfalme Carlos aliuawa kwa risasi mjini humo mwaka 1908, jamhuri ikaja mwaka 1910, na kuanzia mwaka 1932 nchi ikawa mikononi mwa António Salazar, profesa wa uchumi aliyegeuka dikteta. Salazar alishikilia kwamba Angola, Msumbiji na Guinea hazikuwa makoloni bali mikoa ya Ureno. Mwaka 1960 serikali yake ilisimamisha kando ya mto mnara mkubwa wa kuwatukuza wavumbuzi, na chini yake sakafuni kuna dira kubwa ya marumaru yenye ramani ya dunia. Zawadi ya nani? Ya serikali ya makaburu ya Afrika Kusini. Ndege wa aina moja.

Lakini Lisbon hiyo hiyo ilikuwa ikiwafuga wanaokuja kuibomoa. Mwaka 1944 ilianzishwa Nyumba ya Wanafunzi wa Dola ili vijana kutoka makoloni walelewe kuwa Wareno wema. Humo wakapita Amílcar Cabral, aliyekuwa akisomea kilimo, na Agostinho Neto, aliyekuwa akisomea udaktari. Walisoma, wakaandika mashairi, wakajadiliana Afrika usiku kucha. Polisi wa siri, PIDE, waliifunga nyumba hiyo mwaka 1965. Walikuwa wamechelewa. Vita vilikuwa vimeshaanza Angola mwaka 1961, Guinea mwaka 1963, Msumbiji mwaka 1964.

Na hapa ndipo tunaporudi kwetu. Frelimo iliundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962. Wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, ambaye naye aliwahi kusoma Lisbon kwa muda mfupi, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, Dar es Salaam, Februari 3, 1969. Wazee wetu walikatwa michango, walitoa ardhi, na vijiji vya mpakani viliishi na hofu. Wapo vijana wa siku hizi wanaouliza: tulipata nini?

Jibu moja liko Lisbon. Salazar aliugua mwaka 1968, akaondolewa, na hadi anafariki mwaka 1970 waliomzunguka walimwacha aamini kwamba bado anatawala. Mrithi wake, Marcelo Caetano, akaendeleza vita. Kijana wa Kireno alichukuliwa jeshini miaka mingi, akarushwa porini kupigania kitu asichokielewa. Maafisa wa ngazi ya kati, wengi wao waliopigana Guinea, Angola na Msumbiji, wakaanza kukubali kwamba vita hivi havina ushindi wa bunduki. Walikuwa wameyasoma hata maandiko ya waliokuwa wakipigana nao.

Usiku wa kuamkia Aprili 25, 1974 wimbo mmoja ulisikika redioni. Ilikuwa ishara. Asubuhi vifaru viko mjini, na wananchi, badala ya kujifungia ndani kama walivyoambiwa, wakamiminika barabarani. Mfanyakazi wa mgahawa, Celeste Caeiro, alimpa askari ua jekundu, wengine wakafuata, maua yakachomekwa kwenye midomo ya bunduki. Ua hilo Wareno huliita cravo, neno hilo hilo wanalolitumia kwa karafuu. Jioni Caetano alisalimu amri. PIDE waliwapiga risasi na kuua watu wanne nje ya makao yao, na udikteta wa miaka 48 ukawa umeisha. Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru. Daraja lililokuwa na jina la Salazar likapewa jina jipya: Daraja la Aprili 25.

Kwa hiyo walioanguka Msumbiji, Guinea na Angola hawakuwakomboa Waafrika tu. Waliwakomboa pia Wareno, kutoka kwa serikali yao wenyewe. Hilo halisemwi vya kutosha Lisbon, na hapa kwetu halisemwi kabisa. Sisi tumebaki na maneno yao, meza, bendera, leso, karata, mvinyo, na tumeridhika kuhesabu hayo kuwa ndiyo historia yetu na Wareno.

Aprili 25 huko Lisbon ni Siku ya Uhuru. Ni siku moja tu kabla ya sisi kusherehekea Muungano. Mwaka ujao, unapojiandaa kulala kwa sababu kesho ni sikukuu, kumbuka kwamba kuna mji Ulaya unacheza barabarani usiku huo, na sehemu ya sherehe ile ilipikwa Nachingwea.