Ekari
Ekari ni kipimo cha eneo la ardhi kilichoenea Afrika Mashariki enzi za utawala wa Waingereza. Ni futi za mraba 43,560, yaani mita za mraba 4,047 hivi. Hekta moja ina ekari 2.47. Vijijini Tanzania shamba hupimwa kwa miguu, hatua 70 kwa 70, hivyo ekari ya mpimaji mrefu huizidi ya mfupi. Nchini Kenya, kiwanja cha futi 50 kwa 100 mara nyingi huuzwa kama thumuni ya ekari, ingawa thumuni kamili ni futi za mraba 5,445, si 5,000. Afadhali mnunuzi agawanye bei kwa eneo lililoandikwa kwenye hati. Karibu na miji, barabara na maji hupandisha bei ya ardhi zaidi kuliko rutuba.