Mikorosho Imegawanywa, Makaburi Je?

Huku kwetu Makote ndoa ikivunjika, watu wazima hawaanzi kuuliza nani atachukua kitanda. Wanauliza makaburi yako upande gani wa shamba. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo tangu ujana mpaka nikakabidhiwa barua ya kustaafu, na mashauri ya talaka niliyoyaandika kwa mkono wangu yamejaza makabati. Siku hizi mimi ni katibu wa kamati ya wazee wanaotaka kuandikisha chombo cha kutunza makaburi ya zamani. Wageni wanadhani nimebadili kazi. Mimi naona nimeendelea na jalada lilelile.

Kwa sisi Wamakonde wa uwanda huu wa Newala, na kwa majirani zetu Wamakua na Wayao wa kule chini kuelekea Masasi, mtoto alikuwa wa ukoo wa mama. Ukoo huo tunauita litawa. Mkubwa wake, mkulungwa, ndiye aliyekuwa na neno juu ya ardhi na juu ya waliolala ndani yake. Ndoa ilikuwa mapatano ya wajomba wa pande mbili, na wajomba haohao ndio waliokaa kuivunja. Mwanamume alikuja ukweni na jembe lake, akalima, akajenga, akachota hata maji ya mbali, maana uwanda huu hauna mto na wazee wetu waliyafuata maji mabondeni. Mambo yakiharibika aliondoka na jembe lake. Watoto walibaki kwa mjomba wao, ardhi ilibaki kwa wenyewe. Akifa, wenye maiti walikuwa watu wa tumbo la mama yake, si mjane. Talaka ilikuwa nyepesi kwa sababu haikugusa vitu viwili vizito: ardhi na kaburi.

Dunia ya nje ilipoingia, iliingilia mlango wa ndoa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alifika Masasi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akitokea Unguja kupitia Lindi, nia yake ikiwa kuwarudisha kwao upande wa Ziwa Nyasa. Wakaishia Masasi. Misheni ikaleta ndoa isiyo na talaka, na miaka nenda rudi mapadri wakawatenga Wakristo walioachana na kuoa tena. Lakini mimi huwafikiria zaidi wale waliokuja na Steere. Walikuwa wameng'olewa kwao, hawakuwa na mjomba pale Masasi wa kuwaoza wala wa kuwazika. Aliyewazika ni kanisa. Kwa maoni yangu hayo ndiyo makaburi ya kwanza pande hizi yasiyo ya litawa lolote, ya watu waliokutanishwa na msiba na sala tu. Kamati yetu, tukitaka tusitake, inafuata nyayo hizo.

Wajerumani walileta akida na boma. Mwaka 1906, moshi wa Maji Maji haujatulia, alipita Karl Weule, mtafiti kutoka Leipzig, na mashine ya kunasa sauti na kamera ya picha zinazotembea. Alikaa Masasi, Newala na Mahuta, akauliza habari za unyago, za ndoa, za mti wa msolo ambao chini yake watu walimwaga unga kuwaomba wafu wao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908. Mzee mmoja wa kamati yetu, kila nikimtaja Weule, hunikata kauli: Mjerumani yule aliuliza habari za wafu kuliko wajukuu wanavyouliza leo.

Waingereza wakatunga sheria ya mahakama za wenyeji mwaka 1929. Huku kwetu walianza kwa kuwapa mamlaka wakulungwa, wakaona ni wengi mno na kila mmoja anatawala kilima chake, mwishowe wakaweka maliwali. Hapo ndipo shauri la talaka lilipoanza kutoka barazani kwa mjomba kwenda mezani kwa mtu anayelipwa mshahara. Uhuru ukaja, machifu wakaondolewa, na sheria ya mwaka 1963 ikaleta mahakama za mwanzo tulizonazo. Mwaka huohuo serikali ilitangaza sheria za mila zilizoandikwa, kazi iliyotokana na utafiti wa Hans Cory. Ilikuwa kazi kubwa, ila ilihusu makabila yanayofuata ukoo wa baba. Sisi wa ukoo wa mama hatukuandikwa. Hakimu aliyetoka Bukoba au Musoma alifika Newala na kitabu chenye ukurasa wa mahari ya ng'ombe, akakuta watu wasio na ng'ombe na watoto wasiohesabiwa kwa baba. Ikabidi awategemee wazee wa baraza waliokaa kushoto na kulia kwake. Siku wazee hao wakiwa wamechoka, hukumu ilitoka ya Bukoba.

Kisha ikaja Sheria ya Ndoa, namba 5 ya mwaka 1971. Naijua kama mpishi anavyojua chumvi yake. Kwa kawaida hakuna ombi la talaka mpaka baraza la usuluhishi la ndoa limejaribu kupatanisha na kutoa hati kwamba limeshindwa. Ni lazima ndoa iwe imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Mwislamu aliyetamka talaka tatu nyumbani bado alitakiwa kupita kwenye baraza na mahakamani, ndipo ndoa ihesabike imekwisha kisheria. Wazee wengi wa uwandani ni Waislamu na jambo hilo liliwaudhi. Nimewahi kumwandikia mzee mmoja ombi lake huku akininung'unikia kwamba Mungu ameshasikia, sasa karani anataka nini tena. Kifungu cha 114 kikaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa jasho la wote wawili. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiandika, ikaamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali hiyo. Nilifurahi. Bado nafurahi. Wanawake wa mijini waliokuwa wakitolewa na kanga mbili walipata pa kusimamia.

Ila huku mali yenyewe ni mikorosho. Hapo ndipo pana mkorogo.

Mkorosho ni wa aliyeupanda. Ardhi ni ya litawa. Wazee waliishi na maneno hayo mawili bila kugombana, kwa sababu zamani miti ilikuwa michache. Baadaye ikawa ndiyo benki. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka kusini. Lakini miaka hiyohiyo watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa. Mkoani kwetu uhamishaji ulianza mapema, kwa kuwa vita ya Msumbiji ilikuwa ng'ambo tu ya Ruvuma na serikali haikutaka watu wakae wametawanyika mpakani. Nyumba zikapangwa kando ya barabara, mikorosho ikabaki porini, haipaliliwi. Msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 17,000. Wataalamu wametaja magonjwa ya miti, bei mbaya na uhamishaji. Katika hesabu zao sijaona makaburi. Yalibaki kulekule kwenye mahame, chini ya mikorosho ileile, na palizi ilipokoma kwa miti ilikoma na kwao.

Salfa ikaja kutibu miti, bei ikafufuka, mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuuza korosho kwa mnada kupitia maghala, ukaanza mwaka 2007. Msimu wa 2016/2017 kilo moja mnadani ilipita shilingi 3,000. Mahame yakawa mali tena, na watu waliokuwa wameyasahau wakakumbuka mipaka yake. Mashauri ya talaka nayo yakabadilika sura. Zamani mdai alitaka arudishiwe godoro na baiskeli. Sasa alitaka nusu ya shamba.

Nitaeleza shauri moja, bila majina wala mahakama. Mume alitoka wilaya nyingine, akaoa kwetu, wakalima pamoja miaka mingi shamba la mjomba wa mke, miti mipya wakapanda wao. Baraza la kata lilishindwa kuwapatanisha, hati ikatoka. Mahakama ikahamia shambani kuangalia. Nilibeba jalada na ndoo ndogo ya chokaa, kila mti wa mume natia alama. Tulipofika bondeni tukakuta vilima vitano au sita vilivyokaribia kuwa sawa na ardhi, mashahidi ya mti yameoza, na juu ya kimoja bakuli la bati lililotobolewa tundu katikati. Mama yule akavua kandambili. Akamwambia hakimu, "Mheshimiwa, hapa ni kwa wajomba. Miti tugawane, hapa usipaguse." Hakimu alikuwa kijana mzuri, si mkorofi. Akauliza kama kuna hati. Hapakuwa na hati. Akauliza kama makaburi yametajwa kwenye madai. Hayakutajwa. Akaniambia niendelee kuhesabu miti.

Upande wa bondeni ukaangukia kwa mume. Misimu haikuwa mingi akauza kwa mfanyabiashara. Mnunuzi akang'oa visiki, akasawazisha, akapanda miche ya kisasa kwa mistari iliyonyooka. Rufaa ingewezekana, lakini nauli na muda vilimshinda mama, na siku za kukata rufaa zilipita. Pale bondeni ndipo kamati yetu ilipoanzia.

Nilikwenda kupekua sheria, nikitarajia kukuta kinga. Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969: inahusu ardhi inayotakiwa kwa manufaa ya umma, na inawapa ndugu haki ya kujulishwa na ya gharama za kufukua na kuzika upya. Mfanyabiashara si manufaa ya umma. Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964: majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 yanalindwa. Mkulungwa aliyezikwa mwaka 1890 ni mtoto mdogo machoni pa sheria hiyo, mpaka waziri amtangaze kwa jina. Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayeingia makaburini kwa nia ya kuumiza hisia za mtu au kutukana dini yake. Mtu anayelima haji na nia hiyo, anakuja na jembe.

Na si mahakama ya mwanzo peke yake iliyowahi kuyapita makaburi ya huku kama hayapo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwishoni mwa Novemba 1917, kamanda wa Wajerumani Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na siku chache baadaye kikosi chake kingine, chini ya Tafel, kilichokuwa kikimfuata kikasalimu amri pande hizi za Newala. Nyuma ya kila askari walikuwepo wapagazi, nao walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi. Tume ya Uingereza ya makaburi ya vita iliwajengea wazungu wake mawe yenye majina. Wapagazi wakaachiwa pori, wakumbukwe kwa mnara wa pamoja, kama ule wa Askari uliosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927. Mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mwenyekiti wetu anataka makaburi ya wapagazi yaingie kwenye katiba yetu. Nilimwuliza tutayatambuaje. Akasema, "Wewe andika, kutambua kutakuja."

Kuandika ndiyo kazi yenyewe. Milango ipo mitatu: kikundi cha kijamii kwenye halmashauri, asasi chini ya sheria ya mwaka 2002, au bodi ya wadhamini kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Mimi napendekeza wadhamini, kwa kuwa bodi iliyosajiliwa inashika ardhi kwa jina lake na haifi akifa mwenyekiti. RITA ndiyo pia inayotunza daftari la vizazi, vifo, ndoa na talaka za Tanzania Bara. Nilipowaeleza hivyo, bibi mmoja mwanakamati alicheka: kumbe ofisi ya wajomba ipo Dar es Salaam!

Ardhi yenyewe tunaiomba kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji ikipendekeza na mkutano mkuu ukikubali, maeneo ya makaburi kwenye mahame yatengwe kuwa ya wote, yachorwe, na hakimu akija kugawa mali ya ndoa akute tayari si mali ya ndoa. Diwani ametuelewa. Wenye mashamba makubwa wanajifanya hawajasikia mwaliko.

Kinachotuchelewesha ni ibara ya saba ya katiba yetu, inayosema nani ndugu wa marehemu. Wazee wa kiume wanataka waandikwe watu wa litawa tu, kama zamani. Vijana wanataka watoto na wajukuu wa pande zote mbili, kwa sababu leo baba ndiye anayelipa ada ya shule na watoto wanatumia jina lake. Bibi yule ana swali lake. Wapo wanaume waliokuja kuoa, wakaachwa, wakakosa nauli au wakakosa wa kurudia, wakafia hapahapa na kuzikwa pembeni mwa makaburi ya wakwe zao wa zamani. Makaburi yao anayajua yeye na wanawake wenzake, maana ndio waliopeleka maji ya kuwaoshea. "Hao mtawaandika kwa nani?" anauliza. Mwenyekiti alisema si wa litawa. Akajibiwa kwamba wale wa Steere kule Masasi nao hawakuwa wa litawa, mbona wamezikwa.

Nimeandika rasimu tatu za ibara hiyo na zote zimerudishwa. Kikao kijacho kitakaa baada ya mnada wa kwanza, kwa kuwa mhazini amekataa kabisa tupeleke karatasi kabla korosho hazijauzwa: ada ya usajili, anasema, haitoki mfukoni mwa marehemu.