Singe za Ukumbusho za Wajerumani

Wasomaji wetu wengi wajua singe, yaani kisu kirefu kifungwacho mbele ya bunduki. Lakini huko Ujerumani palikuwa na singe nyingine isiyokusudiwa vita. Askari aliinunua kwa fedha yake mwenyewe, akaivaa kiunoni siku ya ruhusa atembeapo mjini, na kwa kawaida makali yake hayakunolewa. Hiyo ndiyo itafutwayo sana leo na watu wakusanyao vitu vya kale, nasi twaona yafaa kueleza sababu yake.

Zamani za Kaisari kila kijana mwenye afya aliweza kuitwa jeshini. Tangu mwaka 1893 askari wa miguu alitumika miaka 2, na mpanda farasi miaka 3. Akiisha kumaliza alirudi kwao, na wengi walitaka kurudi na kitu cha kuonyesha. Hapo mafundi wa Solingen walipata biashara. Mji huo, karibu na mto Wupper, ulisifiwa kwa panga na visu tangu karne nyingi, na mawe yake ya kunolea yalizungushwa kwa nguvu za maji. Fundi alifunika ubapa wa singe kwa kitu kisicholiwa na tindikali, akaacha wazi mahali pa maandishi tu, kisha tindikali ikala chuma pale pale. Maneno yaliyozoeleka ni haya: “Zur Erinnerung an meine Dienstzeit”, maana yake, kwa kukumbuka wakati wangu wa utumishi. Jina la kikosi liliongezwa mara nyingi. Jina la mwenyewe, mara chache.

Basi huyo asemaye “wangu” ni nani? Mkusanyaji aweza kukijua kikosi, asimjue mtu. Tena kijana yule hakuwa ameachiliwa kabisa, kwa maana aliandikwa katika askari wa akiba. Mwaka 1914 vita vilipozuka, askari wa akiba waliitwa tena, wakapewa silaha za serikali. Wajerumani wapata milioni 2 walikufa katika vita vile.

Mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 yalipunguza jeshi hata watu 100,000. Mwaka 1935 Hitler akarudisha utumishi wa lazima, na biashara ya Solingen ikafufuka. Singe nyingi za miaka hiyo zina chapa ya kindi, alama ya kiwanda cha Eickhorn. Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari wa Marekani na Uingereza walichukua nyingi kwao. Zile zenye alama ya swastika haziruhusiwi kuonyeshwa hadharani Ujerumani, ila kwa mambo kama mafundisho ya historia.

Singe yenye maandishi huuzwa ghali kuliko iliyo tupu, na kwa hiyo walaghai huandika ubapa wa kale upya. Hila hii yatuchukiza kupita ile ya sarafu bandia, maana neno “wangu” limeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwako. Mnunuzi na atazame kwa kioo cha kukuzia. Katika singe za kweli, kwa kawaida maandishi yalichorwa kwanza, ndipo ubapa ukapakwa nikeli, hata nikeli yang’aa ndani ya herufi. Maandishi ya uongo huikata nikeli, na chini yake huonekana chuma kitupu.