Ushuru wa Sigara na Foleni ya Baragwanath
Mei 1994 Nelson Mandela alitangaza matibabu ya bure kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka sita. Mwaka huohuo serikali yake iliazimia kupandisha kodi ya sigara hadi nusu ya bei ya rejareja. Lengo hilo likafikiwa mwaka 1997. Uvutaji ulipungua, na mapato, licha ya vitisho vya wenye viwanda, yakaongezeka. Lakini fedha hizo huingia hazina kuu, si mfuko wa afya. Mgonjwa aliye foleni Baragwanath, Soweto, hana njia ya kuuliza randi ya mvutaji iliishia wapi. Machi hadi Agosti 2020, mauzo yalipopigwa marufuku, magendo yalishamiri, na hazina nayo ikakosa chake.